Kimo cha Yavora

Jumamosi asubuhi Yavora alishuka kijijini kununua chumvi na betri za redio ya baba yake. Dukani kwa Mama Motrya hakukuwa na mmea wowote ila ua moja kwenye chungu dirishani, kwa hiyo alipovuka kizingiti alipungua mpaka nusu ya ua lile. Mama Motrya akamwinua kwa mkono mmoja, akamweka juu ya kaunta kati ya mizani na mikate, wakasemezana habari za tope la barabara ya juu. Vitu alivyonunua vilitangulizwa nje, chini ya mtufaha, ambako angekuwa na mikono ya kuvibebea.

Yavora alikuwa binti wa Hryn, lisovik wa mteremko wa Kichera. Ukoo wa lisovik ndio wenye misitu katika milima ile, na kimo chao hutegemea ardhi: kila mmoja huwa mrefu kama mmea mrefu kuliko yote unaoota pale aliposimama. Malishoni ni nyasi, msituni ni misonobari. Mtoto hupata nusu. Kimo kizima humshukia katika mwaka wake wa kumi na saba, siku ya Mtakatifu Yuri, kondoo wanapopandishwa milimani. Siku hiyo husimama kati ya misonobari akapiga mluzi, na wanyama wa mteremko mzima wakamgeukia. Hapo amekuwa mtu mzima.

Yavora alisoma shule ya kijiji pamoja na Stefka, binti wa Onufriy mkata miti. Mwalimu alikuwa ameweka mlimau ndani ya pipa darasani ili Yavora aone ubao.

Katika mwaka wake wa kumi na saba, theluji ikiwa bado haijayeyuka, misumeno ilianza kunguruma Kichera. Kampuni ya mbao ilikuwa imepata kibali, kwa maelezo kwamba misonobari ya pale ina wadudu. Msimamizi wa wakataji alikuwa Onufriy. Hryn alimfuata penye gogo alilokuwa amekalia akila ugali wake wa mahindi na jibini la kondoo.

"Hao wadudu umewaona wewe?" Hryn aliuliza.

"Wameonwa na karatasi," alisema Onufriy. "Mimi nina msumeno tu, ndugu yangu. Nikikataa, kesho wataletwa watu wa bondeni ambao hata kukuamkia hawajui."

Hryn alifikiri, akaona ni kweli. Akala kipande cha jibini alichopewa, akaondoka.

Hata hivyo alifanya walichofanya baba zake. Aliwapoteza njia wakataji, wakazunguka kijito kilekile asubuhi nzima wakidhani wanapanda. Mchana, mmoja wao akatoa simu, simu ikawaonyesha njia, na wakamuaga kwa adabu walipompita. Kisha Hryn alivuka mto kumwomba lisovik wa ng'ambo amchukue binti yake, akakulie kule. Alimkuta jirani yake ameketi juu ya kisiki kati ya visiki vitupu, mrefu kama kichaka cha matunda mwitu tu, akihangaika kuchanganya karata zilizokuwa zimemzidi ukubwa. Kabla ya hapo walikuwa wakicheza pamoja kila Jumapili, dau likiwa sungura. Hryn alimsaidia kuzichanganya, akarudi bila kutaja lililompeleka.

Siku ya Mtakatifu Yuri kulikuwa kumebaki ukanda mwembamba wa misonobari karibu na kilele. Yavora alipanda pamoja na Stefka, kondoo wakipita chini yao na kengele zao. Alisimama kati ya miti, na kimo kikamjia kama maji yanavyojaa kisimani, polepole, bila maumivu. Stefka alibaki akiongea na kifundo cha mguu.

"Unaona nini huko?"

"Mlima," Yavora alijibu kutoka juu. "Nyuma yake mlima mwingine. Yote imenyolewa."

Akapiga mluzi. Mbweha mmoja aligeuka, na paa mwenye mimba, na ndege kadhaa. Yavora alisubiri wengine. Stefka, aliyekuwa ametayarisha shada la maua, alilifunga kwenye kidole kidogo cha mguu wa rafiki yake, akampa hongera.

Jumatatu misumeno ilirudi. Kila mti mrefu ulipoanguka Yavora alishuka mpaka kwenye urefu wa uliofuata, kama mtu anayeteremka ngazi gizani bila kujua zimesalia ngazi ngapi. Stefka akamwendea baba yake, akamweleza kwamba kinachotakiwa ni mti mmoja tu. Ukisimama mmoja, Yavora atasimama nao.

"Mmoja nitawaambiaje ofisini?" Onufriy aliuliza. Lakini hakuwa mtu mbaya, na Yavora alikuwa amelelewa machoni pake. Aliuchagua msonobari mzuri kuliko yote, akaufunga kitambaa chekundu, akawakataza vijana wake wasiuguse. Hryn alimshukuru kwa kikapu cha uyoga, naye akabaki chini kwenye magugu, maana mti mmoja huinua mmoja tu.

Basi kiangazi chote watu wa kijijini, wakiinua macho kutoka kwenye majani waliyokuwa wakifyeka, waliwaona wawili hao peke yao juu ya mteremko mtupu, mti na binti, wamelingana. Walisema amekuwa msichana mzuri.

Msonobari wa pale una mizizi ya juujuu. Husimama kwa sababu ya wenzake. Mwezi wa nane ulivuma upepo wa kawaida, wala si dhoruba, na mti ukaanza kuinama. Yavora aliukumbatia kwa mikono yote miwili, akaegemea upande wa pili, miguu yake ikichimba mitaro kwenye udongo. Hryn alikuja mbio, lakini hakuwa amebakiwa na nguvu za kushikilia hata tawi. Walikaa hivyo tangu asubuhi mpaka wakati wa kukamua ng'ombe. Kisha mizizi ikang'oka. Mti uliolala hauoti tena, na ulipogusa chini Yavora alikuwa sawa na magugu, amebanwa chini ya tawi dogo. Baba yake alilisukuma kwa mgongo mpaka akatoka.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema Hryn.

Vuli ilileta mvua. Maji yaliporomoka Kichera bila kusimama popote, yakachukua daraja, ghala la nyasi la kanisa na ng'ombe wa Mama Motrya. Watu walipanda mlimani na mkate mpya uliofunikwa kitambaa, kama ilivyostahili, wakamtafuta Yavora kwenye magugu mpaka wakampata. Onufriy ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Wewe sasa ni mtu mzima. Tunakuomba uyazuie maji."

"Mtu mzima ni kweli, mjomba. Lakini maji yalizuiwa na miti. Sisi tulikuwa tunasimama nayo tu."

Mama Motrya aliuliza kama hakuna japo kidogo anachoweza, hata kwa ajili ya upande wa duka lake tu. Yavora alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alimpenda. Akasema hakuna. Walikaa, wakaumega mkate ule, wakaula pamoja naye mvua ikiwanyeshea, kisha wakashuka wakishikana mikono ili wasiteleze.

Kampuni ilijenga daraja jipya, imara kuliko la kwanza, kwa kuwa magogo ya mteremko uliofuata yalikuwa mazito zaidi. Stefka alikwenda Poland kuchuma matunda; alikuja kuaga, akapiga magoti, akalia kidogo.

Theluji ya kwanza ilipokaribia, Yavora alikuwa akipenda kuketi kandokando ya barabara, penye magugu marefu kidogo. Lori la Onufriy lilitokea kwenye kona limejaa magogo. Alimwona, akapunguza mwendo, akalipeleka upande wa pili asimrushie matope. Huko milimani lisovik aliye mtu mzima huamkiwa hata na mwenye mvi. Onufriy akavua kofia.

"Shikamoo, mwenye msitu."

"Marahaba," alijibu Yavora, na lori likapita.