Ndoo ya Maji ya Kufulia

Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyeishi kwa shangazi yake muuguzi, alijiapiza kutopoteza maji. Kila alipofua, aliyabakiza maji ya kusuuzia kwenye ndoo, akaiburuta hadi mlangoni mwa choo ili yatumike humo badala ya maji safi. Lakini kila aliporudi kutoka chuoni aliikuta ndoo tupu, imepinduliwa. Akadhani shangazi anampinga kimyakimya. Akanuna, akafua tena, mgongo ukimuuma.

Jumamosi moja alimkuta shangazi, bado amevaa sare ya kazi, anaikokota ndoo kwenda kuimwaga nje.

"Shangazi, hayo nimeyaweka ya chooni."

Shangazi alisimama, akashika kiuno kwa maumivu. "Ya chooni? Nami nilidhani masomo yamekuelemea, huna hata nguvu ya kumwaga maji. Nikasema nimsaidie mtoto wa kaka yangu."

"Na mgongo wako huo?"

"Kwani humu ndani mgongo wa nani ni mzima?"

Kijana alishika upande mmoja wa mkono wa ndoo. Wakairudisha pamoja, polepole, kisha wakaketi kizingitini, hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda kuwasha jiko.