Kaburi la Sinema

Nyamburi alirudi kutoka misa ya Nyegina, kitenge bado kimefungwa vizuri kiunoni, akakuta shimo uani kwake Butiama. Shimo la kaburi, kingo zimenyooshwa kwa jembe, pembeni kabisa ya kaburi la marehemu mumewe.

"Nani kachimba?"

"Ni la sinema tu, bibi," akasema Brenda, msichana wa Kamunyonge aliyekuwa akimtafsiria Mwingereza mwenye sinema. "Nicolaus ataigiza maiti."

Nicolaus, mwanawe wa pekee, alikuwa anapakwa majivu usoni. Hakumtazama mama yake.

Mwingereza huyo, Rodni, hakuwa mgeni pale. Nicolaus alipokuwa bado mtoto wa mgongoni, Rodni alikuja kuigiza padri. Kijana wa watu, shati limelowa jasho, anakula ugali na dagaa kwa vidole, na kila kitu anamuuliza Nyamburi kinaitwaje kwa Kizanaki. Katika sinema ile alimmwagia Nicolaus maji kichwani, akalia machozi ya kweli, wanawake wakalia naye. Sasa mvi zimemjaa, haigizi tena. Yeye ndiye mwongozaji, anakaa kivulini kwenye kiti cha turubai, anaamuru wengine walie.

"Mwambie," Nyamburi akamgeukia Brenda, "nyumba nilimpa apige picha, shimo sikumpa. Kwetu kaburi likichimbwa halilali wazi, litatafuta mtu. Lazima mgomba uzikwe humo kwa jina la mtu, na jina litakalotajwa ndilo kaburi linashika."

Brenda akatafsiri. Rodni akajibu bila kuinuka.

"Anasema mwanga wa jua umeshaharibika, watapiga kesho asubuhi. Shimo libaki hivyohivyo."

"Basi alale humo yeye. Si alikuwaga mwigizaji?"

Wapiga picha wakacheka. Rodni hakucheka. Alitazama shimo, akavuta miguu yake nyuma, akatikisa kichwa.

"Mmeona? La mwanangu sinema, lake kifo!"

"Mama, unaniaibisha," Nicolaus akasema.

"Nyamaza! Huyu alikubatiza kwa uongo, nikakupeleka kwa padri wa kweli. Akikuzika kwa uongo, nikupeleke kwa nani?"

Nicolaus aliinuka na uso wake wa majivu. Akachukua panga, akakata mgomba nyuma ya jiko, akaja akiuburuta mpaka shimoni. Ukaanguka kwa kishindo, *puu*.

Hapo taa ndogo nyekundu ya kamera ikawaka.

"Anasema endeleeni, bibi," Brenda akanong'ona, macho chini. "Anasema ni nzuri sana. Anaomba ulie kidogo."

Nyamburi hakulia. Alipiga goti kwenye udongo, akamgeukia Rodni, akasema kwa Kizanaki, polepole, neno moja moja, vile alivyokuwaga akimfundisha zamani: huyu tunayemzika hapa ni Rodni, ardhi impokee.

Brenda alifungua mdomo atafsiri. Hakukuwa na haja. Mzee yule alishasimama, kiti kimepinduka, kiganja chake kimeziba kioo cha kamera.

"Futa!" akapiga kelele kwa Kiswahili. "Futa jina!"

"Sinema tu hiyo," Nyamburi akamjibu, akaanza kufukia.