Chupa Mbili, Kikombe Kimoja

Nakiri mapema: kwa siku tisa nzima nilimwachisha binti yangu chupa huku nami nikiwa na chupa mdomoni, na sikuliona jambo hilo. Ninalikiri kwa sababu kazi yangu ni kuona. Chuoni huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kukaa miongoni mwa watu, kutazama yanayotendeka na kuyaandika bila kuyapamba. Somo la kwanza husema kwamba mtazamaji naye yumo chumbani. Nimelifundisha somo hilo kwa miaka kumi na miwili.

Chupa yangu ilikuwa ya maji. Ilikuwa ya plastiki, rangi ya bluu, yenye chuchu ya mpira ya kufyonzea, na nilipewa bure kwenye kongamano. Daktari aliponiambia ninywe lita mbili kwa siku kwa ajili ya figo, nikaanza kutembea nayo nyumba nzima. Sikuwahi kuiita chupa. Niliiita "maji yangu".

Chupa ya binti yangu ilikuwa ya maziwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tulimwita Mkurugenzi, kwani tangu ajue kunyoosha kidole alikuwa akionyesha vitu, na sisi tukivibeba. Alilala na chupa, akaamka na chupa, na mchana alizunguka nayo akiwa ameing'ata, kama paka abebavyo mtoto wake.

Daktari wa meno alimlaza mapajani mwa mama yake, akamfunua mdomo wa juu, akamulika.

"Mnaiona hii mistari myeupe, kama ya chaki?"

"Tunaiona."

"Jino huanza hivi kuoza. Maziwa yanakesha mdomoni. Chupa iondoke, apewe kikombe. Mrudi baada ya mwezi. Nikiikuta imekuwa ya kahawia, itabidi tumpe dawa ya usingizi tuyashughulikie meno, na kwa umri wake nisingependa."

Tulipofika nje, mke wangu alinigeukia. "Huyu hapewi dawa ya usingizi," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mimi nashinda porini na vigingi vyangu. Wewe uko nyumbani. Kazi ni yako."

Yeye ni mpima ardhi, na huondoka kabla jua halijachomoza. Mimi nilikuwa kwenye likizo ya kuandika kitabu, hali ambayo nyumbani kwetu huitwa kukaa bure. Basi nikanunua daftari.

Nilinunua na vikombe vinne: chenye vishikio viwili, chenye mfuniko, cha bati, na kingine kilichochorwa bata. Nikachora jedwali lenye safu za saa, kikombe, kiasi kilichonyweka, kiasi kilichomwagika na hali ya mtoto.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alikitazama kikombe chenye vishikio, akanitazama mimi, kisha akakipindua kwa utulivu wa mtu anayetekeleza wajibu wake. Kilichonyweka: sifuri. Kilichomwagika: mililita mia moja na ishirini, nusu kwenye zulia, nusu kwenye sura ya tatu ya kitabu changu.

"Tunakunywa kwa kikombe, mama," nikamwambia kwa upole, nikavuta maji yangu.

Akaninyooshea kidole. "Baba."

Nikaandika: *Humtaja baba. Yaelekea anatafuta faraja.*

Mama mkwe alikuwa amekuja kutusaidia mwezi ule. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa heshima iliyopo baina yetu hajawahi kunikosoa hata mara moja. Akiwa na neno juu yangu, humwambia mjukuu wake. Wao wawili wana utani wao; humwita mke mwenza.

Siku ya tatu, akimenya karoti mlangoni mwa jikoni, alimwambia, "Mke mwenzangu, wewe jizoeze kikombe taratibu. Chupa waachie wakubwa."

Nikaandika: *Bibi humtia moyo mtoto.*

Siku ya tano: "Mke mwenzangu, hata sijui tuanze kumwachisha nani."

Nikaandika: *Bibi ana wasiwasi.*

Siku ya sita nilizipandisha chupa zote za maziwa juu ya kabati, ili mtoto asiwe na pa kukimbilia. Siku ya saba mama mkwe alimwuliza mjukuu, kwa sauti iliyonifikia mezani, kama kweli figo hazipokei maji ya kikombe. Hilo sikuliandika. Niliona halihusiani na utafiti.

Jumamosi, ambayo ilikuwa siku ya tisa, mke wangu alimpima Mkurugenzi kwenye mizani. Alikuwa amepungua gramu mia nne.

"Tangu uzifiche chupa amekunywa maziwa kiasi gani?"

Nikafungua daftari. "Jumla?"

"Jumla."

"Vijiko viwili. Kimoja kina shaka."

"Vijiko viwili! Profesa, mtoto anakauka, wewe unajumlisha?"

"Sijawa profesa."

"Na kwa mwendo huu hutakuwa." Akavuta kiti hadi kwenye kabati, akapanda. "Nampa chupa yake. Meno tutajua mbele ya safari."

Nilimwomba asubiri kidogo. Nikanyoosha mkono kuchukua maji yangu ili nipate muda wa kutafuta la kusema, nikapapasa meza tupu.

Tulimkuta Mkurugenzi chini ya meza hiyohiyo. Alikuwa ameegemea ukuta, mguu juu ya mguu, kalamu yangu mkononi na chupa ya bluu mdomoni. Alikuwa amekunja uso, kama mtu aliyekwama katikati ya aya.

Mama mkwe akainama. "Mke mwenzangu, mrudishie baba. Mwenzio bado hajaanza kikombe."

Mke wangu alicheka hadi akalazimika kulishika kabati asianguke. Mimi nilikuwa nikipekua daftari. *Baba*, siku ya kwanza. *Baba*, siku ya pili, mara nne. Nilijaribu kukumbuka kila mara hizo nilikuwa nimeshika nini. Jedwali halikuweza kunisaidia, kwa maana halikuwa na safu yangu.

"Mama," nikamwuliza mama mkwe, "mbona hukuniambia?"

Akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, eti mbona hatukumwambia."

Nikaomba siku nne zaidi. Mke wangu akanipa mbili, akateremka mikono mitupu, ila kiti akakiacha palepale kabatini. Nilikipanda mimi, nikaiweka chupa ya bluu pamoja na zile nyingine.

Kesho yake asubuhi nilimimina maziwa katika vikombe viwili, nikakaa ana kwa ana na Mkurugenzi. Mimi sipendi maziwa. Nikanywa. Kwa mazoea nilikiinua kikombe kama chupa, na maziwa yakateremka kidevuni, shingoni, hadi kwenye mkanda wa suruali. Mkurugenzi alinitazama kwa muda mrefu, kwa huruma ya mwanafunzi aliyetangulia darasa moja. Kisha akanyoosha kidole. Hakukitaka kikombe chake, alikitaka changu. Nikampa. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa mafunda matatu, akamwaga la nne, akanirudishia.

"Baba," akasema. Ilikuwa zamu yangu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda kabatini, akakichukua kile kiti, akakirudisha mezani na kukikalia.

Daktari wa meno alipomwona tena mwisho wa mwezi, mistari ilikuwa bado myeupe, na hatukuzungumzia dawa ya usingizi. Mkurugenzi sasa hunywa maziwa kwa kikombe, nami hunywa maji kwa kikombe, na sura ya nne ina alama za duara katika kila ukurasa. Mama mkwe bado hanikosoi, humwambia mjukuu. Ila siku hizi, nikimsikia akizungumza na mtoto, huweka kalamu chini nikasikiliza.