Namba Isiyo na Nane

Siku ya kumi na moja nilikaa tena kwenye benchi la ofisi ile ya usalama, Nakasero. Mume wangu Olanya, mwalimu wa hesabu, alikamatwa kwenye kizuizi cha barabara akitoka Bugolobi. Mfukoni alikuwa na kipande cha pakiti ya sigara, kimeandikwa 12345679. Mwaka ule madaftari hayakuonekana madukani, kwa hiyo aliandika masomo yake popote. Askari walitazama, wakaona nane haimo, wakasema amemficha mtu.

Sajenti Sebit hakuwa mkali, na hilo lilinichosha zaidi. Mtu mkali angalau unajua umwombe vipi.

"Mama, nane iko wapi? Huyu nane ni nani?"

"Si mtu, afande. Ni hesabu. Nipe kalamu."

Nilizidisha namba ile kwa tisa, nikamsogezea karatasi: 111111111. Aliikagua kama noti aliyoitilia shaka.

"Taja namba unayoipenda, moja mpaka tisa," nikasema.

"Saba."

"Saba mara tisa ni sitini na tatu. Zidisha kwa hiyo. Fanya wewe mwenyewe, usije ukasema nimekudanganya."

Akazidisha polepole, ulimi nje. Zilipojipanga saba tisa, 777777777, alicheka peke yake. Nikamwambia ukiitia nane mahali pake, mchezo wote unaharibika, ndiyo maana haimo. Akajaribu, ikaharibika. Nikamwambia azidishe ile ya kwanza kwa sabini na mbili. Akafanya, akapata 888888888.

"Hizo hapo nane zako," nikasema. "Hakuna aliyefichwa."

"Kweli. Hii ni hesabu tu."

Nilikuwa na njaa na miguu imevimba, lakini nilifurahi. Nilianza hata kufikiria nitampikia nini, maana sukari hatukuwa nayo, wala mafuta.

Sebit akafungua faili, akageuza karatasi moja upande wangu. Niliijua sahihi ya Olanya, ingawa herufi zilikuwa zimepinda. Juu yake mtu mwingine alikuwa ameandika kwamba ile ni namba ya siri ya maadui.

"Bwana yako aliweka sahihi juzi."

"Lakini umeona mwenyewe si siri. Umezidisha kwa mkono wako."

"Nimeona, mama. Lakini wale waliweka sahihi, wote wamepelekwa jana." Akafunga faili. "Huko watu hawarudi."

Nilitaka kulia, nikashindwa. Machozi nayo yanataka nguvu. Nikabaki nimekaa. Sebit akaivuta ile karatasi ya hesabu, akachukua kalamu.

"Na kama napenda tano, nazidisha kwa ngapi?"

"Arobaini na tano," nikamwambia.