Siku Picha Ilipoacha Kukwama

Hasina hakuwa mchezaji. Mchezaji alikuwa mdogo wake, Alfani, na ile kompyuta kubwa iliyokaa juu ya meza chumbani kwake Ukunda ilikuwa ya Alfani toka skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho. Hasina kazi yake ilikuwa kutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na kabla ya mwaka huu hakujua hata kompyuta ile inawashiwa wapi. Lakini ukiuguliwa na ndugu hujifunza mengi ambayo hukuyaomba.

Moyo wa Alfani ulikuwa mbovu tangu homa moja ya utotoni. Madaktari walijaribu walivyojaribu, mwisho wakasema arudi nyumbani akapumzike, na mtu mzima akiambiwa hivyo haulizi mara mbili. Akaomba apelekwe Mkwiro, kisiwani, kwa mama. Kompyuta akamwachia dada yake, pamoja na timu.

Timu yenyewe ilikuwa ya mchezo wa mpira, ule wa kwenye kompyuta. Alfani aliiunda kwa mikono yake na wachezaji akawapa majina ya watu anaowajua. Kipa alikuwa Jefwa, mlinzi wa zahanati, ambaye hata nzi hapiti mlangoni pake bila kuulizwa aendako. Mshambuliaji alikuwa Chome, kwa kuwa yeye ndiye hufika wa kwanza penye pilau. Alfani alikuwa akicheza huku anatangaza kwa mdomo wake, mchezo unarushwa mubashara mtandaoni, na vijana kutoka Msambweni mpaka Lunga Lunga walikuwa wakimfuata kwa ule utani wake tu, hata wasiojali mpira.

Ligi ilikuwa imebakiza mechi chache. Siku ya kuondoka alimshika dada yake mkono akamwambia, "Dada, nichezeshee wewe. Nataka nione mwisho wake."

Basi Hasina akajifunza. Kila alasiri akitoka kazini alikoga, akakaa mbele ya mashine ile, akavaa vipokea sauti vya mdogo wake, akacheza na kutangaza. Alfani alikuwa akimtazama kwa simu iliyoegemezwa kwenye mto. Siku ya kwanza Hasina alijifunga mwenyewe mabao mawili, na Alfani alicheka mpaka mama akaogopa kwamba pumzi zake hazitarudi. Wale mashabiki walivumilia siku mbili tatu, kisha wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Akabaki mtazamaji mmoja. Hasina hakuwahitaji wengine. Alilitaka jambo moja tu duniani, ndugu yake auone mwisho huo kabla hajafikwa na mwisho wake mwenyewe.

Ndipo picha ikaanza kukwama.

Ilianza kidogo, mpira ukaruka hatua mbili bila kupita katikati. Kisha ikawa wachezaji wanaganda kama waliopigwa picha ya harusi, sauti nayo inakatika, halafu wote wanarudi mbio kwa pamoja. Kila ilipokwama, baada ya muda mfupi simu ya Hasina ililia.

"Dada, umekwama tena. Mguu wa Chome uko hewani, sijui anapiga mpira au anaruka dimbwi."

"Nisamehe, babangu. Naona kwangu kunakwenda vizuri."

"Kwako kunakwenda, kwangu kumelala. Haya, umekula nini leo?"

Hapo yalifuata mazungumzo. Alfani hakuwa mtu wa kupigiwa simu na kuulizwa hali. Ukimwuliza anaendeleaje alikuwa akikujibu "salama" moja kavu, kisha kimya. Lakini picha ikikwama alikuwa na kisingizio cha kumsuta dada yake, na kutoka kwenye kumsuta walifika kwenye samaki wa mama, kwenye paka wa jirani, kwenye ndoto aliyoota. Hasina alikuwa akisikiliza pumzi zake katikati ya maneno na kuzipima moyoni. Hata hivyo kukwama kulimuudhi. Aliona anampelekea mgonjwa chakula nusu, sahani inapokonywa mdomoni.

Akaanza kutafuta dawa. Kwanza aliulaumu mtandao, akahamia huduma yenye kasi zaidi, wala haikusaidia. Akamsikiliza kijana mmoja wa kwenye video aliyesema ubora upandishwe, naye akaupandisha kila alipoona pa kupandisha, kwa imani kwamba namba kubwa ni nzuri kuliko ndogo. Picha ikazidi kukwama. Na kwa kuwa dawa za watu zilishindwa, alirudi kwenye zile za kwao. Mama alikuwa amemsisitizia asiache kumwombea mdogo wake na kufukiza ubani. Alfani mwenyewe hayupo, basi Hasina alikifukizia kitu chake. Kila alasiri kabla ya kuwasha mashine aliweka chetezo chini ya meza, makaa yakiwaka vizuri, akatia ubani na kusoma dua aliyojaliwa, moshi ukipanda polepole na kuingia katika matundu ya kompyuta. Chumba kilinukia vizuri sana.

Mwishowe akamwita Seth. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda Kona ya Musa, mtu wa bara, na ndiye aliyekaa na Alfani wakaiunga mashine ile kipande kwa kipande. Alikuja na begi lake, akafungua ubavu wa kompyuta, akamulika ndani kwa tochi ya simu. Akaikwangua feni kwa ukucha. Kisha akamgeukia Hasina.

"Sister, Alfani aliniambia hashiki sigara. Sasa nani anavuta hapa ndani?"

"Hapana mtu avutaye sigara nyumba hii, Seth. Wewe niambie umeona nini."

"Cheki mwenyewe."

Hasina akainama. Feni ilikuwa imepakwa utomvu wa rangi ya asali iliyoungua, na vumbi limenata juu yake. Zile bati nyembamba zinazotoa joto zilikuwa zimeziba kabisa. Akapeleka kidole, akakinusa, akajua. Alisimama akiwa amekishika kidole hicho kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Ni ubani," alisema. "Nilikuwa nikimwombea."

Seth alikaa chini. Hakucheka, na kwa hilo Hasina alimheshimu maisha yake yote.

"Aki pole, dada. Sikiza, si wewe peke yako. Hiyo video nayo ilikudanganya." Akamweleza taratibu, akichanganya lugha zake zote. Prosesa, ndiyo inayofikiri, ilikuwa inaendesha mchezo na papo hapo inazikunja picha zote ziwe ndogo zipite mtandaoni. Kazi mbili kwa mpishi mmoja. Yeye Hasina akapandisha ubora, kazi ikaongezeka. Ubani ukaziba pumzi, joto likapanda, na mashine ikizidiwa na joto hujipunguza mwendo ili isiungue. "Hapo ndipo Alfani anaona imeganda. Wewe huku huoni sana, yeye huko anaona yote."

Alifanya kazi alasiri nzima. Alisugua kila bati kwa spiriti na brashi ya meno, akabadilisha ile dawa nyeupe inayopakwa juu ya prosesa, akarudisha feni ikazunguka bila kulalamika. Kisha akaingia kwenye mipangilio. Kazi ya kukunja picha akaihamishia kwenye kadi ya picha, ambayo muda wote huo ilikuwa imekaa bure. Picha zilizokuwa sitini kwa sekunde akazifanya thelathini. Kila namba ambayo Hasina aliipandisha kwa mapenzi, Seth aliishusha kwa akili. Chetezo alikisogeza mwenyewe mpaka dirishani.

"Mwombee kutoka hapa," alisema. "Mungu anasikia hata kwa dirisha."

Walipojaribu, picha iliteleza. Jefwa alidaka, Chome alikimbia, mpira ukapita kila mahali unapopaswa kupita. Hasina alilia, na Seth akajifanya anatafuta bisibisi.

Kesho yake alicheza mechi ya kabla ya mwisho, nayo ikaenda toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mara moja. Simu haikulia. Ilipokwisha ndipo Alfani alipopiga.

"Leo imeteleza," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Umeona? Tatizo lilikuwa joto, na prosesa ilikuwa imebebeshwa kazi mbili, sasa kadi ya picha ndiyo..." Hasina aliendelea, maana alikuwa na furaha na mtu mwenye furaha hana breki. Alimweleza habari za bati na spiriti na picha thelathini kwa sekunde, mambo ambayo Alfani aliyajua kuliko yeye. Alfani alisikiliza.

"Vizuri, dada," alisema mwishowe. "Vizuri sana. Nilitaka tu... Haya, tutaongea."

"Kesho ni mechi ya mwisho. Usilale!"

"Silali."

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko kwa Hasina. Alifukiza dirishani, akaswali alasiri, akakaa. Kwenye kona ya kioo namba ya watazamaji ilisoma moja. Akaanza kutangaza na hakunyamaza, maana aliona leo anamfungulia ndugu yake zawadi. Alimtania Jefwa, akamgombeza Chome kwa kuwaza pilau, akamsalimia mama, akawasalimia paka wa jirani. Timu ilitangulia kufungwa. Ikasawazisha. Mpira ukiwa ukingoni mwa kwisha, Chome alipiga kwa mguu wa kushoto, na Hasina akaruka kutoka kitini, "Alfani, umeona? Alfani! Umeona hilo?"

Alingoja simu ilie. Namba kwenye kona ilikuwa bado moja. Akaona labda mdogo wake amesinzia kwa furaha, naye hakutaka kumwamsha. Akafunga mashine, akajipikia chai. Ilikuwa bado haijamaliza kuchemka pale mjomba wao alipopiga kutoka Mkwiro.

Hasina alivuka na boti ya kwanza ya asubuhi kutoka Shimoni. Alimkuta Alfani amekwisha oshwa na kukafiniwa, akamwangalia uso, akaondolewa kwa upole. Adhuhuri wanaume walimbeba wakaenda naye, na wanawake wakabaki ndani. Hasina alikaa kwenye mkeka karibu na mama yake. Mama alikuwa hajalia tangu jana, na wote mle ndani walikuwa wakimchunga kwa hilo.

"Nilikuwa uani nakuna nazi," mama alianza kusema. Aliyasema akiwa anaangalia mikono yake. "Nakusikia wewe. Unajua siku zote simu yenu ilikuwa inakatika. Ikikatika tu nanawa mikono naingia, nakupigia tena, maana vidole vyake vilikuwa havina nguvu ya kubonyeza. Hapo hapo namgeuza upande, nampa maji, natoka. Jana haikukatika. Nasikia sauti yako mfululizo, unamwita jina, unacheka. Nikasema alhamdulillahi, leo watoto wangu wanazungumza vizuri, wacha nisiwaingilie. Nilipompelekea uji nikamkuta amepoa."

Kumbe aliyekuwa akipiga ni mama. Kumbe kila kukwama kulikokuwa kukimuudhi kulimwingiza mtu chumbani, kulimletea mgonjwa maji na mkono wa kumgeuza. Naye alitafuta fundi, akakusafisha kukwama kote kwa spiriti na brashi, akabaki kumpigia kelele ndugu yake anayekata roho peke yake. Aliumia mahali ambapo hajui panaitwaje. Alitaka kuinama sikioni kwa mama yake aseme yote, kwamba haikuwa simu, kwamba sauti ilikuwa inakwenda tu wala hairudi, kwamba kule Ukunda yeye alikuwa hasikii hata pumzi. Lakini mama alimshika goti.

"Sasa niambie, mwanangu. Wewe ndiye uliyezungumza naye mwisho. Alisema nini?"

Shangazi aliacha kuvuta tasbihi.

"Alisema hasikii maumivu, mama," Hasina akasema. "Alisema nikuambie umemtunza vizuri."

Mama akajifunika uso kwa leso, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, huku akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Shangazi akamnong'oneza aliyekuwa pembeni yake, na yule akamnong'oneza mwingine aliyekuwa mlangoni. Wanaume waliporudi kutoka makaburini habari ilikwisha fika uani. Watu wakawa wanaingia mmoja mmoja kumpa Hasina mkono wa pole, na kila mmoja alimwambia kwamba alikuwa na bahati kuyapata maneno ya mwisho ya ndugu yake. Aliwashukuru wote. Kila walipomkariria maneno yale yeye alisikia tu sauti yake mwenyewe, inamwita Alfani na kuuliza kama ameona, na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyejua kama Alfani naye alikuwa akiita.