Mgeni Aliyejibu Alipoulizwa Khabari

Siku Marhun alipoweka tulbaa kwenye kompyuta ya nyumbani, mama yake Bi Khole alikuwa jikoni anachambua mchele, na simu ya nyumba ilikuwa haipigiki kwa sababu Marhun yuko kwenye mtandao. Hiyo ilikuwa Ibra, mji wa nchi ya Kiarabu, mwaka 2007. Kompyuta ilikaa pembeni ya majlisi, sebule ya kupokelea wageni, na ikizimwa Bi Khole huifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, isipate vumbi wala kijicho.

Tulbaa ni ule ukanda wa vitufe unaokaa juu ya ukurasa. Hii aliyoitaka Marhun ilikuwa inaonyesha matokeo ya mpira bila ya mtu kuhangaika kuyatafuta, na Marhun ni mpenzi wa timu ya Fanja tangu yuko skuli. Kabla ya kuingia, iliomba ruhusa. Kilijitokeza kidirisha katikati ya kioo, kina maandishi mengi ya masharti, na chini yake kinauliza kwa adabu: unakubali, hukubali? Marhun hakusoma. Si kwa uvivu tu. Kalelewa kwamba mtu akiomba kuingia kwa adabu hajibiwi hapana. Akabonyeza ndio. Kikaja kidirisha cha pili, kinaomba kukumbuka yote yanayoandikwa na watu wa nyumba hii, ili kiwahudumie vizuri zaidi. Akabonyeza ndio.

"Karibu, karibu," alisema, akatoka kwenda kusali Alasiri.

Aliporudi msikitini, mgeni alikuwa ameshafika. Mwanamme wa makamo, kavaa suti ya kijivu yenye vifungo vya rangi vilivyojipanga kifuani kwa mstari, upande kwa upande. Alivua viatu mlangoni, akasema, "Assalamu alaykum. Nimekaribishwa."

"Alaykum salaam. Karibu, mwanangu," alisema Bi Khole, asimuulize na nani.

Aliingizwa majlisi, akapewa nafasi ya juu, karibu na mwenye nyumba, Bwana Muatasim, ambaye alikuja kutoka Unguja akiwa kijana, akafanya kazi wizarani mpaka akastaafu. Zikaletwa tende, ikaletwa halua, ikaletwa kahawa. Mgeni alipokwisha kula, Bwana Muatasim alimuuliza kama wanavyoulizwa wageni wote wa Ibra:

"Ee, ulumu? Khabari?"

Hapa kuna jambo la kueleza. Mgeni akiulizwa hivyo, jibu ni moja. Anasema hakuna khabari, kheri tu. Hata kama gari lake limewaka moto njiani kutoka Nizwa, anasema hakuna khabari, na habari ya gari inakuja baadaye, wakati wake, watu wameshatulia. Kila mtu analijua hilo. Mgeni huyu hakulijua.

"Khabari zipo," alisema. "Marhun ametafuta dawa ya kuotesha nywele, kisha akatafuta kama dawa hiyo inanuka. Bi Khole ameulizia kama mwenye sukari anaweza kula halua akiwa amesimama. Wewe, Bwana Muatasim, umeitazama nyumba yenu ya Malindi, Unguja, kutoka juu angani. Asubuhi unaitazama na jioni unaitazama. Unaangalia kama zimeanikwa nguo."

"Zimeanikwa?" aliuliza Bi Khole.

"Hapaonekani vizuri," alisema mgeni.

Bwana Muatasim alikohoa. Marhun alivuta kofia yake mbele kidogo.

"Na Ghalia," alisema mgeni, na hapo ikaadhiniwa Magharibi, akanyamaza, maana adabu nyingine zote alikuwa nazo.

Ghalia, binti wa nyumba, alikuwa nyuma ya pazia na birika la kahawa mkononi. Ana miaka ishirini na tatu, na kasoma ukarani na kompyuta mjini, kisha akarudishwa nyumbani angoje mchumba. Yeye alikuwa ameandikiana kwa barua pepe na hifadhi ya kasa ya Ras al Jinz, huko upande wa Sur. Walitaka mtu wa kuwapokea watazamaji na kuwaeleza kasa wanavyopanda pwani kutaga. Kiarabu anacho, Kiingereza anacho, Kiswahili cha kwao. Walimjibu aende Jumamosi ijayo waonane naye. Khalati yake Radhia, dada wa Bi Khole anayekaa Sur, atakuja kumchukua Ijumaa Alasiri, kama vile anamchukua kutembea, na hapana atakayeona ajabu. Ghalia alikusudia amwambie baba yake akishaipata ile kazi, kwa sababu katika nyumba ile kazi iliyokwishapatikana ingejadiliwa, na kazi inayotakiwa tu ingechekwa.

Mgeni akishaulizwa khabari mara moja, haulizwi tena mpaka aingie mgeni mwengine kutoka nje, ndipo inapozunguka upya majlisi nzima. Na mgeni mwengine alikuwa anajulikana: Ami Marzouq wa Nizwa, kaka wa Bwana Muatasim, atakuja kula chakula cha mchana Ijumaa.

Asubuhi yake, wanaume walipokwenda shughuli zao, Ghalia alimpelekea mgeni mkate na chai.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje? Jana umeandika kwa kasi, umekosea herufi nyingi."

"Kaka, unaweza kukaa kimya?"

"Naweza. Lakini sikuletwa kwa ajili hiyo. Imo katika masharti, ukurasa wa kumi na ngapi sijui huko. Mwenyeji alisema amesoma."

"Hakusoma."

"Najua hakusoma. Nilikuwa namtazama."

"Sasa huoni kama si haki?"

Mgeni alifikiri, akitafuna. "Mkate huu mtamu," alisema. "Kuna mashine ya kukandia unga inauzwa, kama mtahitaji."

Ghalia alifuta kumbukumbu zote za mtandao. Mgeni alimtazama anavyofuta, akamsifu kwa usafi. Kisha Ghalia akaingia pale penye orodha ya programu, akamkuta mgeni kaandikwa baina ya michezo ya karata na mashine ya kuchapia, akabonyeza ondoa. Mgeni aliinuka pale pale. Alijikung'uta makombo, akavaa viatu, akasimama mlangoni.

"Tumesikitika kwamba unatuondoa. Tumekukosea nini? Chagua sababu moja."

"Sababu ninazo zaidi ya moja."

"Moja tu," alisema mgeni, na alipoona hajibiwi akatoka, akashuka zake kuelekea sokoni.

Ili jambo likamilike, kompyuta ilitaka izimwe na iwashwe upya. Ghalia akaizima, akaiwasha. Ilipokwisha kuwaka, mlango uligongwa. Alikuwa yule yule, na nyuma yake ndugu zake wawili, suti zile zile. Mmoja alikuwa wa hali ya hewa. Mwengine hakusema yeye wa nini.

Bi Khole alizidisha mchele, na khabari hawakuulizwa, kwa kuwa walihesabiwa mgeni mmoja na yule wa kwanza. Wageni wapya walikaa nafasi ya juu, chini ya yule wa kwanza, na Bwana Muatasim, kwa kuwa ni mtu muungwana, alisogea chini. Ilipofika katikati ya wiki walikuwa wameongezeka, kila mstari unausukuma mwengine, na watu wa nyumba walikuwa wamebakiwa na kipande cha zulia karibu na mlango, pale panapovuliwa viatu.

"Baba, watu hawa tuwatoe," alisema Ghalia.

"Nani anamtoa mgeni?" alisema Bwana Muatasim, kiatu cha mtu kikiwa gotini pake. "Watu watasema nini?"

Marhun naye alisema wana faida. Wa kwanza alimpa matokeo ya Fanja kabla mpira haujatulia wavuni.

Ghalia akaacha kupigana nao, akakaa akawatazama. Aliona kwamba yule wa kwanza anasema khabari kwa mpangilio, kuanzia ya zamani mpaka mpya, na haruki hata moja. Basi siku ya Jumatano na Alkhamisi, Bi Khole akidhani anatafuta mishono ya nguo za Idi, Ghalia alikaa mbele ya kompyuta akaandika yote yaliyomjia kichwani na yasiyomjia. Na barua ile ya Ras al Jinz akaenda akaifungua tena mwisho kabisa, ili nayo iangukie chini ya orodha. Alikusudia azijaze zile khabari mpaka hapana binadamu atakayevumilia kuzisikiliza zote. Ami Marzouq hulala baada ya chakula. Khalati Radhia atafika Alasiri. Ilikuwa ni kusukuma saa chache tu.

Ijumaa Ami Marzouq alifika na gari lake jeupe na mtungi wa halua ya Nizwa. Aliwaona watu wa kijivu wamejaa majlisi, akawapa mkono mmoja mmoja, akakaa mlangoni pamoja na ndugu yake. Wakala. Wakanywa kahawa. Ami Marzouq akauliza khabari, Bwana Muatasim akasema hakuna, kheri tu. Marhun akasema hakuna, kheri tu. Ikafika kwa mgeni.

"Khabari zipo," alisema. "Marhun ametazama picha za mwimbaji mmoja wa Beirut. Moja ameikuza."

"Ameikuza!" Ami Marzouq alipiga paja lake akacheka. "Wewe Marhun wewe! Ndio maana nywele zimekukimbia!"

"Ami, mie nilikuwa natafuta nyimbo."

"Nyimbo ziko shingoni?"

Wakacheka wote, hata Bwana Muatasim, hata Bi Khole nyuma ya pazia.

"Ghalia," aliendelea mgeni, "ametafuta bei ya mbuzi wa Australia. Ametafuta namna ya kufunga tai. Ametafuta urefu wa reli za Uchina. Ametafuta kama nyuki wanalala."

"Wanalala?" aliuliza Ami Marzouq.

"Wanalala."

"Subhanallah."

Mgeni alisema habari za volkano, na za kutengeneza jibini, na majina ya mawaziri wa Finland. Ami Marzouq alianza kusinzia. Kichwa cha Bwana Muatasim kiliinama. Ghalia alikuwa kashavaa buibui lake nyuma ya pazia, mkoba miguuni, anasikiliza majina ya samaki wa maji baridi, na nje akasikia gari la Khalati Radhia linaingia kichochoroni.

Mgeni akanyamaza kidogo. Ule ukimya ndio uliowaamsha wanaume.

"Yaliyobaki ya namna hiyo ni mengi," alisema, "na ameyaandika ili nisifike. Wengi hufanya hivyo, tumeshazoea, tunayatenga. La kweli ni moja. Kesho Ghalia anakwenda kuonana na watu wa hifadhi ya kasa, Ras al Jinz. Anataka kufanya kazi na kukaa huko huko."

Hakuna aliyemtazama mgeni. Walitazama pazia.

"Ghalia," aliita Marhun. "Njoo."

Akatoka.

"Una barua pepe wewe? Nani kakufungulia?"

"Nimejifungulia."

"Na neno lake la siri analo nani?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu."

Marhun alimgeukia baba yake. "Unamsikia? Anatuficha."

Ami Marzouq aliweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, aliona huruma. "Mwanangu," alisema, "mtandao una hatari. Siku hizi hujui nani anakuangalia." Watu wa kijivu, mistari kwa mistari juu yake, waliitikia kwa vichwa.

"Ungetwambia," alisema Bwana Muatasim.

"Ningekwambieni mngesema nini, baba?"

Bwana Muatasim ni mtu mkweli. "Tungesema hapana," alisema. "Lakini ungetwambia."

Marhun alikaa mbele ya kompyuta. Neno la siri hakuwa na haja ya kuliuliza, mgeni alimtajia, kwa kuwa alikuwa amelikumbuka ili awahudumie vizuri zaidi. Marhun aliandika kwa vidole viwili: Mimi, Ghalia binti Muatasim, nimebadilisha nia kwa hiari yangu. Mgeni alimsahihisha neno moja la Kiingereza. Barua ikaenda. Khalati Radhia aliingizwa ndani, akapewa chai, akaulizwa khabari, naye akasema hakuna, kheri tu, macho yake yako kwa Ghalia.

"Vua buibui, mwanangu, utaona joto," alisema Bi Khole, akamshika mkono. "Mwakani tutaona."

Huo mwakani ulifika. Bwana Muatasim aliita mafundi, wakaongeza chumba nyuma, na watu wa nyumba wakahamia huko, kwa sababu majlisi haikuwa na pa kuweka mguu. Marhun aliweka tulbaa nyingine, ya nyakati za sala, na akabadilisha neno la siri la barua pepe ya Ghalia, kwa usalama wake. Watu wa Ibra walizoea. Kuna nyumba zilikuwa na watu wa kijivu mpaka juu ya paa.

Mgeni wa kwanza hakumchukia Ghalia, na Ghalia hakupata namna ya kumchukia mtu anayeosha kikombe chake mwenyewe. Kila asubuhi Ghalia anapompelekea chai, mgeni humwambia maneno yale yale, kwa adabu ile ile.

"Dada Ghalia, kwa kuwa umewahi kupendezwa na kasa: Ras al Jinz wanatafuta mtu wa kupokea wageni. Awe mvumilivu. Awe na lugha tatu. Nafasi iko wazi."

"Ahsante, kaka."

"Nikukumbushe kesho?"

"Nikumbushe," alisema Ghalia, akaenda mlangoni kuwafungulia wageni wengine.