Kwale wa Thekla

Wadia ndiye aliyetandaza sakafu ya kanisa lao pale Madaba, mji wa kale wa Mashariki ya Kati, na karibu na mlango wa kusini alimtengeneza kwale kwa vijiwe vya rangi. Majirani wote walijua yule ni kwale wa Thekla, binti yake, aliyefariki kwa homa akiwa bado anamfuga ndege huyo uani. Hapo ndipo mkewe, Matrona, aliposimama kila ibada.

Miaka ikapita, mambo yakageuka. Padre Yobiano akawatangazia waumini kwamba picha za viumbe hai ziondolewe sakafuni. Wengine walinong'ona kwamba anawaogopa watawala, wasiopenda picha za namna hiyo. Wengine walisema hata wao zilikuwa zikiwakera siku nyingi. Kazi akapewa Wadia. Alipotaka kukataa, akaambiwa basi ataletwa mtu wa sururu avunje sakafu yote. Akakubali, na nyumbani hakusema neno.

Alianza na simba, akaja kwa tausi na bata. Aliving'oa vijiwe, akavichanganya, akavirudisha ovyo palepale, pakabaki kama doa. Kwa kwale alikawia. Alitoa kichwa, kifua na mabawa, kisha mkono ukagoma. Miguu akaiacha.

Jumapili Matrona aliingia, akatazama chini, asilie. Upande wa wanaume, Wadia hakusikia hata neno moja la mahubiri.

Nyumbani mke alimwekea mkate na zeituni, mwenyewe asile.

"Ulijua tangu lini, Baba Thekla?"

"Tangu kabla ya mavuno."

"Na muda wote huo unakula hapa, unalala hapa."

Wadia akajitetea kwamba ameokoa alichoweza, kwamba angalau miguu ipo.

"Hiyo miguu ndiyo inayoniua," Matrona alisema. "Nikiiona, naona mtoto wangu amekatwakatwa. Kaiondoe."

Kesho yake walikwenda pamoja. Matrona alikanda chokaa, Wadia akapiga magoti na patasi yake. Vijiwe vyekundu vilitoka kimoja kimoja, na Matrona mwenyewe akavichanganya na vingine kwa kiganja. Walirudi bila kuongozana.

Kipupwe chote waliongea habari za maji na mbuzi tu. Siku moja jirani aliyekuwa ndani alisema jambo, Matrona akacheka. Wadia alikuwa nje na ndoo mkononi. Alisimama pale mlangoni, akaogopa kuingia, kicheko kisije kikakatika.